Herufi Tisa

Jumatatu, kipindi cha tatu, Kidato cha Pili B.
Mvua ya vuli imekatika ghafla hapa Wete
na nje majamvi ya karafuu yanarudishwa juani
mbio mbio, kama wageni waliochelewa harusi.
Nimeandika ubaoni neno la Kiingereza,
herufi tisa.
Chaki ilikatika kwenye ya sita.

"Maana yake, Mwalimu?"

Kamusi ya shule, isiyo na jalada
wala kurasa za herufi A,
inasema: -a muda mfupi.
Nikalisoma hivyo hivyo, wakaandika.
Ila Mkasi binti Shaame, wa dirishani,
akaweka kalamu chini.
"Muda mfupi si ule wa mkataba wa kaka yangu bandarini?
Walimpa miezi mitatu,
kisha wakamwongeza mitatu."

Kweli. Muda mfupi ni maneno ya ofisini,
yana tarehe na muhuri,
na ukiomba kwa adabu yanaongezwa.
Hili la ubaoni haliongezwi.
Ni karafuu uliyochelewa kuichuma:
asubuhi imefumba, jioni imechanua,
na ikishachanua
nzuri, ndiyo, lakini nani ataipima?

Nikasema, tungeni sentensi, tulione likifanya kazi.
Faki akalipa umeme.
Nikamkatalia. Umeme huenda ukarudi,
muulize mama yako na friji yake.
Bimize akalipa barafu ya mabuyu.
Nusu alama, kwa vile ulimi
ulibaki mwekundu hadi magharibi.
Hamadi, kule nyuma, akalipa mshahara wangu.
Darasa zima likacheka, nami nikamwekea vyema.

Mkasi akaandika hivi, nami nalitafsiri:
*Baba hupiga simu kutoka Maskati.
Sauti yake ni* — hapo akalitia neno —
*salio huisha
yupo katikati ya jina langu.*

Kalamu nyekundu ikanisimama mkononi.
Herufi mbili alizipindua.
Sikuzigusa.

Usiku, nyumbani Limbani, madaftari mezani,
kumbikumbi wakaingia kwa taa,
wengi, wazito, hawajui wanachotaka.
Nikamuuliza mama:
"Kitu kinachokuja na kwenda zake upesi
tunakiitaje?"
"Kitu gani?"
"Chochote."
"Chochote hakina jina. Nitajie kitu."

Nikanyamaza. Yeye akachukua ufagio.
Mbawa zilikuwa kila mahali,
juu ya sentensi ya Faki, ndani ya kikombe changu,
nyepesi hata ufagio ulizikosa.
Akawa anajisemea, si kwangu:
"Wakaja, wakaruka, wakavua nguo,
wakaisha. Na chai haijapoa."

Hapo ndipo nilipokaa kitako.
Miaka kumi na moja nafundisha vivumishi,
nawapanga kama viatu mlango wa msikiti,
na siku zote nimekuwa nikihisi tumepungukiwa,
kwamba wenzetu wana neno, sisi tuna maelezo.
Kumbe sisi tuna silabi moja tu, *ka*,
tunaichomeka katikati ya kitenzi
na kitu kinapita mbele ya macho yako:
kikaja, kikanukia, kikanyauka.
Hatusemi kikoje.
Tunakiacha kiende.

Kama kikuba nilichokivaa usiku ule,
asumini na rehani, miaka tisa sasa.
Alfajiri kilikuwa kahawia juu ya mto.
Ndoa yenyewe ilichukua miezi saba,
na watu waliponiuliza nilikuwa nikijibu
"haikudumu,"
jibu la kamusi.
Ningesema: akanioa, tukacheka, akaenda.
Ni yale yale,
lakini kucheka kungekuwemo.

Jumanne niliwaeleza kwa kadiri nilivyoweza.
Hamadi akauliza kama litatoka kwenye mtihani.
Nikamwambia sijui.

Na neno lenyewe, lile la herufi tisa,
lilikaa ubaoni hadi Alhamisi.
Dasta ilipotea,
na kila aliyepita alidhani
mwingine atalifuta.